Shajara ya mradi: ombi la mwanafunzi limefika wapi?

Wiki ya 1

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu ya mfumo mpya wa huduma za wanafunzi chuoni kwetu, tumeamua kulifuata ombi moja tangu linapowasilishwa mpaka linapojibiwa. Tulichagua ombi la kuahirisha masomo, kwa kuwa linapita katika ofisi nyingi kuliko maombi mengine, na kwa kuwa mwanafunzi anayeliwasilisha kwa kawaida yumo katika shida: ugonjwa, msiba au ada iliyokwama. Fomu huchukuliwa masijala na kujazwa kwa mkono, husainiwa na mshauri wa masomo, kisha mkuu wa idara, kisha mkuu wa kitivo, hupitishwa ofisi ya fedha ithibitishe kwamba mwombaji hadaiwi, hurudi masijala kugongwa muhuri, na mwishowe humfikia msajili. Tulikaa na kila mmoja wa watu hao tukamwomba atuonyeshe anachofanya hasa fomu inapomfikia. Kazi yenyewe, katika kila ofisi, ni ya dakika chache. Muda mwingine wote fomu hulala kwenye trei ikimsubiri mtu arudi safarini, au ikimsubiri mhudumu aibebe hadi jengo jingine.

Katika muda huo wote mwanafunzi hana namna ya kujua fomu yake iko wapi. Hupiga hodi mlango baada ya mlango, na kila karani hufungua daftari lake la kupokelea na kumwonyesha kwamba kwake ilikwisha kutoka. Makarani watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walituambia kwamba asubuhi zao huishia katika kujibu swali lile lile: "Ombi langu limefika wapi?" Nimeliandika swali hilo juu kabisa ya ubao wa chumba chetu cha kazi, na nimeiomba kamati ikubali liwe kipimo cha mradi mzima. Tutajua kwamba mfumo unafanya kazi siku swali hilo litakapoacha kuulizwa dirishani.

Wiki ya 2

Tumeorodhesha mahali pote panapohifadhiwa taarifa za mwanafunzi: kwa msajili, ofisi ya fedha, maktaba na ofisi ya mabweni. Kila ofisi ina orodha yake, na kila moja inaamini kwamba ya kwake ndiyo sahihi. Mwanafunzi mmoja tulimkuta ameandikwa kwa namna tatu. Katika orodha ya kwanza jina la baba limetangulia. Katika ya pili herufi yenye alama juu yake imegeuka kuwa kiulizo. Na katika ya tatu, ambayo inalazimisha majina mawili, jina lake la pekee limerudiwa mara mbili. Tatizo la herufi lina dawa inayojulikana, nayo ni kutumia UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za lugha zote, kila mahali tangu mwanzo, kuanzia fomu hadi hifadhidata hadi karatasi inayochapwa. La majina tumelitatua kwa kuweka nafasi moja tu ya jina kamili, liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika, huku kiungo cha orodha zote kikiwa namba ya usajili.

Kigumu kilikuwa suala la mamlaka. Namba ya simu ya mwanafunzi ikibadilika, ni nani mwenye haki ya kuibadilisha? Tulilijadili jambo hilo kwa saa mbili, na baadhi ya wajumbe waliona kwamba tunapoteza muda. Mimi nasadiki kwamba hicho ndicho kilikuwa kikao muhimu kuliko vyote hadi sasa. Tumekubaliana kwamba kila taarifa iwe na mmiliki mmoja, na wengine wote waisome tu: mawasiliano ni ya mwanafunzi mwenyewe, hali ya masomo ni ya msajili, deni ni la ofisi ya fedha. Orodha za pembeni zitakufa zenyewe pale ambapo kuisoma taarifa ya mmiliki kutakuwa rahisi kuliko kutunza nakala.

Wiki ya 4

Swali la wiki hii lilikuwa kama tujenge programu ya simu au kurasa za wavuti. Tumechagua wavuti. Tangu tarehe 30 Aprili 1993, CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, ilipoiachia dunia teknolojia hii bila malipo, ukurasa umekuwa kitu kinachofunguka kwa yeyote mwenye kivinjari, awe na simu ya zamani, kompyuta ya maktaba au tabuleti ya kuazima. Programu ya simu ingemtaka mwanafunzi aipakue, aisasishe na aipatie nafasi kwenye simu iliyokwisha kujaa. Kwa sababu hiyo hiyo tumeamua kwamba kurasa ziundwe kwenye seva na zifike zikiwa kamili, na kwamba fomu zote ziweze kutumwa hata kama JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, imeshindwa kupakuliwa kwa sababu ya mtandao hafifu. JavaScript tutaitumia kurahisisha, kwa mfano kuonya kwamba namba imepungua tarakimu kabla fomu haijatumwa, lakini seva itakagua kila kitu upya.

Kwa hifadhidata tumechukua PostgreSQL, na sababu kubwa ni uimara wa miamala yake, yaani vitendo kadhaa vinavyokamilika vyote kwa pamoja au visifanyike kabisa, jambo tutakalolihitaji sana wakati wa usajili wa kozi. Wahadhiri tayari wanatumia Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, ambayo ipo tangu mwaka 2002, na wameizoea. Hatutaigusa. Tutaiunganisha tu kwa kuingia mara moja kupitia SAML 2.0, kiwango kinachoiwezesha mifumo kupashana utambulisho wa mtumiaji, ili mtu akishajitambulisha kwenye mfumo mmoja asiombwe nywila nyingine kwenye wa pili.

Wiki ya 5

Kati ya saini za ombi la kuahirisha masomo, mbili hakuna aliyeweza kutueleza kazi yake. Mmoja wa wakuu alisema kwa uwazi kwamba husaini kwa kuwa aliyemtangulia alisaini. Tumeandika waraka kwa kamati tukipendekeza saini hizo ziondolewe, na kamati imekubali moja; ya pili itabaki kwa mwaka mmoja kisha itazamwe tena. Ningependa zote mbili ziondoke, maana utaratibu mrefu ukihamishiwa kwenye kompyuta bila kupunguzwa unabaki kuwa mrefu, na sasa unakuwa mgumu zaidi kuubadilisha kwa sababu umeandikwa ndani ya programu. Hata hivyo moja ni zaidi ya nilivyotarajia.

Wiki ya 7

Ukurasa wa hali ya ombi umeanza kufanya kazi kwa majaribio. Kiufundi ni kitu chepesi: kila ombi lina safari yake, kila hatua inaandikwa pamoja na saa na ofisi, na hakuna kinachofutwa, hatua mpya huongezwa chini ya zile za nyuma. Kilichotuchosha ni maneno. Toleo la kwanza liliandika "Linashughulikiwa" katika hatua zote za katikati, na wanafunzi tuliowapa walijaribu walisoma neno hilo, wakafunga ukurasa, wakaenda kuuliza dirishani. Neno lile lilikuwa la kweli, lakini halikuwaambia chochote. Tulirudi kwa makarani na kuandika upya kila hatua tukiwa pamoja nao. Sasa mwanafunzi anasoma: "Ombi lako lipo kwa mkuu wa idara tangu Jumanne. Akilikubali litapelekwa ofisi ya fedha. Kwa sasa huna la kufanya." Sentensi ile ya mwisho ilipendekezwa na karani wa masijala, aliyetuambia: "Mwalimu, nusu ya wanaokuja hapa hawana wanachotakiwa kufanya. Wanaogopa tu kwamba labda kipo."

Palikuwa na hofu upande wa watumishi pia. Wakuu kadhaa wa idara waliona kwamba kuandika "lipo kwa fulani tangu Jumanne" ni kuwaanika hadharani. Hoja yao ina uzito, kwa kuwa mtu anaweza kuwa kitandani na mwanafunzi akadhani amepuuzwa. Tumekubaliana kuonyesha ofisi bila jina la mtu, na kuongeza kaimu kwa kila nafasi ili ombi lihamie kwake mwenye nafasi anapojiandikisha kuwa hayupo. Siku chache baadaye mmoja wa waliopinga aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza ameona katika orodha moja yote yanayomsubiri. Zamani alikuwa akiyakumbuka kwa kuangalia urefu wa rundo.

Wiki ya 9

Wiki ngumu. Mwenzetu mmoja, akijaribu ukurasa wa matokeo, alibadilisha tarakimu moja katika anwani ya ukurasa na akafunguliwa matokeo ya mwanafunzi mwingine. Mfumo ulikuwa unakagua kama mtu ameingia, lakini haukukagua kama anachokiomba ni chake. Kosa hili ni la kawaida mno: katika orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, udhaifu wa udhibiti wa ruhusa ndio uliowekwa nafasi ya kwanza miongoni mwa hatari za programu za wavuti. Ukawaida wake hauniondolei wasiwasi, kwa kuwa matokeo ya mtu ni siri yake, na tulikuwa tumebakiza siku chache tu kuufungua ukurasa huo kwa darsa la kwanza la majaribio.

Tuliusimamisha ukurasa, na hatukuishia kurekebisha mahali pale tu. Ukaguzi wa ruhusa ulikuwa umetawanyika, kila ukurasa ukijifanyia wake; sasa umewekwa mahali pamoja ambapo kila ombi la taarifa lazima lipite, na msimamo wake wa awali ni kukataa. Tumeandika pia majaribio ya kujiendesha ambayo huingia kama mwanafunzi mmoja na kujaribu kufungua kila kilicho cha mwenzake, na programu mpya haiwekwi kwenye seva mpaka kila jaribio la kufungua cha mwenzake likataliwe. Kadhalika kila usomaji wa matokeo unaofanywa na mtumishi unaandikwa, ukionyesha nani, lini na rekodi ipi.

Wiki ya 11

Ujumbe. Barua pepe zetu za kwanza ziliangukia kwenye folda za taka, na sababu ilikuwa yetu wenyewe: seva mpya haikuwa imetajwa katika rekodi za SPF za kikoa chetu, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu, na barua hazikuwa na saini ya DKIM, inayothibitisha kwamba zimetoka kwetu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawataka watumaji wa barua nyingi wawe na SPF, DKIM na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua isipothibitika), kwa hiyo chuo kinachowaandikia wanafunzi wake wote kwa siku moja hakina njia ya kuyakwepa hayo. Tumerekebisha, na tumeziomba idara ziache kutuma matangazo kupitia akaunti binafsi za watumishi, kwani pamoja na mambo mengine zinamzoeza mwanafunzi kuamini barua yoyote inayodai kutoka chuoni.

Kwenye ujumbe mfupi wa simu tulijifunza jambo ambalo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kulijua. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini kwa sharti kwamba kila herufi imo katika orodha ya msingi ya mitambo ya simu. Herufi moja tu ikiwa nje ya orodha hiyo, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo wa usimbaji na nafasi hushuka hadi 70. Jumbe zetu fupi zilikuwa zikikatwa vipande viwili na hata vitatu, na tulitafuta sababu kwa siku mbili. Ilikuwa kibainishi cha "ng'". Karani alikuwa akiandika ujumbe katika programu ya kuhariri maandishi, ambayo hukipinda kibainishi kwa ajili ya urembo. Kilichonyooka kimo katika orodha, kilichopindwa hakimo. Sasa mfumo unakinyoosha wenyewe kabla ya kutuma.

Tumejiwekea pia kanuni kuhusu ni nini kinachostahili kutumwa. Ujumbe hutoka tu pale rekodi inapobadilika au muda wa mwisho unapokaribia, na lazima useme mambo matatu: nini kimetokea, nini kifanyike, na kabla ya lini. Matokeo na madeni hayaandikwi ndani ya ujumbe, kwa kuwa simu husomwa na wengi. Ujumbe unasema tu kwamba kuna jambo jipya kwenye akaunti. Ofisi mbili zimeomba ruhusa ya kutuma ujumbe mfupi kwa kila tangazo. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Mwanafunzi akizoea kuona kwamba jumbe tisa kati ya kumi hazimhusu, hataisoma ile ya kumi inayomwambia kwamba usajili unafungwa kesho.

Wiki ya 13

Maandalizi ya usajili wa kozi. Tulitengeneza jaribio la watu wengi wanaobonyeza kwa pamoja, na mara moja wanafunzi wawili wa kubuni walipata nafasi ile ile ya mwisho. Kilichotokea ni rahisi kukieleza: programu ilimsomea wa kwanza kwamba imebaki nafasi moja, kabla hajaandikwa, ikamsomea wa pili kwamba imebaki moja, kisha ikawaandika wote wawili. Kusoma na kuandika vilikuwa vitendo viwili, na mwanya mdogo ulio kati yao ulitosha. Sasa vyote vimo ndani ya muamala mmoja unaoifunga safu ya kozi ile mpaka umalizike, na hifadhidata yenyewe ina sharti kwamba nafasi zilizobaki haziwezi kushuka chini ya sifuri. Hata programu ikikosea, hifadhidata itakataa.

Wiki ya 14

Usajili umefunguliwa. Tulikuwa tumewapanga wanafunzi kwa mwaka wa masomo, kila mwaka na saa yake, na bado dakika za mwanzo za saa ya kwanza mfumo ulilemewa. Waliokosa nafasi ya kuhudumiwa walipata ukurasa mwepesi wenye jibu la 503, msimbo wa seva isiyoweza kuhudumia kwa sasa, ukiwaambia kwamba mfumo umejaa na kwamba kivinjari kitajaribu tena chenyewe baada ya nusu dakika. Nashukuru kwamba tulikuwa tumeuandaa ukurasa huo, kwa sababu wanafunzi walisubiri badala ya kubonyeza mfululizo na kuuzidishia mzigo.

Chanzo tulikipata saa hiyo hiyo. Ukurasa wa orodha ya kozi, ambao kila mtu huufungua kwanza, ulikuwa unahesabu waliojisajili katika kila kozi upya kwa kila anayeutazama, ingawa idadi ya nafasi zilizobaki tulikwisha kuihifadhi kwenye safu ya kozi wiki moja kabla. Majaribio yetu yalikuwa yamebonyeza kitufe cha kujisajili maelfu ya mara na kuusahau ukurasa wa kusoma. Tulibadilisha mistari michache, na saa ya pili ikapita kwa utulivu. Hakuna kozi iliyozidisha nafasi. Mwanafunzi mmoja alikuja ofisini na karatasi yake kutuuliza kama kweli amesajiliwa, kwani hakuamini kwamba jambo hilo linaweza kwisha akiwa kitandani kwake. Tangu siku hiyo kila anayejisajili hupewa namba ya uthibitisho anayoweza kuichapa.

Wiki ya 16

Ratiba za mihadhara zilikuwa zinapakiwa kama picha ya karatasi iliyobandikwa ubaoni. Mwanafunzi asiyeona, anayetumia kisoma-skrini, alituonyesha anachosikia akifungua faili hiyo: jina la faili, kisha kimya. Kwake yeye ratiba haikuwahi kutangazwa hata mara moja. Tumeijenga upya kama jedwali halisi la HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, lenye vichwa vya safu vinavyotambulika, na tumeanza kupitia kurasa zote kwa miongozo ya WCAG 2.1 ya mwaka 2018, inayoeleza jinsi ya kuzifanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu. Tumekuta makosa mengi madogo: maandishi ya kijivu yasiyofikia uwiano wa 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma, hali za maombi zilizotofautishwa kwa rangi peke yake, vitufe visivyofikiwa kwa kibodi. Tuliketi naye alasiri nzima, akajaza ombi kutoka mwanzo hadi mwisho bila msaada. Ilipaswa kuwa hivyo tangu wiki ya saba, na katika hatua zijazo tutamwalika kabla ya kuanza kujenga.

Kwa kuwa ratiba sasa ni taarifa halisi, imekuwa rahisi kuitoa pia katika muundo wa iCalendar, unaosomwa na programu za kalenda, uliosanifiwa upya katika hati ya viwango vya intaneti RFC 5545 ya mwaka 2009. Mwanafunzi anaiunganisha na kalenda ya simu yake mara moja, na ukumbi ukibadilishwa kalenda inajirekebisha. Wahadhiri wameipenda kuliko wanafunzi.

Wiki ya 17

Tumejaribu kurejesha nakala rudufu kwenye seva tupu. Imefaulu mara ya pili. Mara ya kwanza viambatisho vya maombi havikuwamo. Zoezi hili litarudiwa kila mwezi.

Wiki ya 19

Jambo linaloongoza sasa kwenye dawati la huduma ni nywila zilizosahauliwa, na sehemu kubwa ilitokana na kanuni ya zamani iliyomlazimisha kila mtu kubadilisha nywila kila baada ya miezi mitatu. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulikwisha kushauri kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa ratiba pasipo dalili kwamba imevuja, maana huishia kuongeza tarakimu moja mwishoni au kuiandika kwenye karatasi. Tumeiondoa kanuni hiyo, tumeongeza urefu wa chini wa nywila, na tunakataa zile zilizomo katika orodha za nywila zilizokwisha kuvuja.

Dawati la karatasi litabaki wazi. Wapo waliopendekeza lifungwe ili watu walazimike kuutumia mfumo, nami nimelipinga hilo kwa nguvu. Mwanafunzi aliyeibiwa simu, au aliye hospitalini na ametuma ndugu, hana kosa. Karani humjazia ombi kwenye mfumo kwa niaba yake, huiambatisha barua yake, na humpa namba. Kuanzia hapo ombi hilo linasafiri kama mengine yote.

Wiki ya 21

Leo nimezunguka tena ofisi zile zile za wiki ya kwanza. Masijala, kwa mkuu wa kitivo na kwa msajili, swali la ubaoni kwetu halisikiki tena asubuhi; karani wa masijala bado anatunza daftari lake la kupokelea, lakini ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni wa wiki iliyopita. Ofisi ya fedha foleni ipo pale pale. Ukurasa wetu unaandika "Lipo ofisi ya fedha", na hapo unanyamaza, kwa sababu malipo ya benki bado yanalinganishwa na majina kwa mkono, mstari kwa mstari, na aliyelipa asubuhi anaweza kuonekana mdaiwa kwa siku kadhaa. Mwanafunzi anayesubiri kuahirisha masomo kwa ugonjwa anakwama kwenye deni alilokwisha kulilipa.

Mhasibu aliyenipokea alinionyesha rundo la stakabadhi ambazo walipaji wameandika jina bila namba ya usajili. Jumatatu tunahamia kwake. Tumemwomba atuchagulie stakabadhi moja, nasi tutaifuata kutoka dirisha la benki hadi kwenye akaunti ya mwanafunzi.